Hiram Kahiga Wawili

Shuleni, Bahati
18 Januari 1953

Kwa wajina wangu, Hiram Kahiga wa Kimotho,

Pokea salamu za watu wote wa hapa. Sisi ni wazima. Wachuka wangu anakusalimu, naye siku hizi asubuhi hataki kuona chai wala uji, kwa hiyo miezi jihesabie mwenyewe. Nyanya Wamuyu ana nguvu zake. Jana alinigombeza kwa sababu ya kuni mbichi, akaniita "mume wangu" mbele ya wanafunzi kumi na wawili, nao wakacheka mpaka nikawapa hesabu za kugawanya. Unajua alivyo. Kwake yeye, wewe na mimi ni babu Kahiga aliyerudi. Na kwa kuwa babu alikuwa amebatizwa Hiram, baba yako na baba yangu hawakujisumbua kutafuta lingine. Kila mmoja alimpa mzaliwa wake wa kwanza jina la mzee lote, la nyumbani na la kanisani, na leo tuko wawili.

Usishangae kuona nakuandikia Kiswahili. Barua ya lugha yetu sasa inalala posta wiki tatu ikisubiri mtu wa kuisoma. Ya Kiswahili karani anaipitia akinywa chai, anapiga muhuri, inakwenda. Mwambie Wangui mke wako asidhani nimeanza kuringa.

Nina kazi mpya ambayo hakuna aliyenituma. Nimeanza daftari la watu wakubwa wa zamani walioitwa jina moja. Darasa la sita wamenichosha. Niliwauliza habari za Herode, mmoja akasimama akajibu kwamba Herode aliua watoto wa Bethlehemu, kisha akamkata Yohana kichwa, kisha akamwua Yakobo kwa upanga, kisha akaliwa na wadudu. Nikamwuliza huyo Herode aliishi miaka mingapi. Akasema, "Mingi, mwalimu." Walikuwa Herode watatu. Watoto wamewabebesha mmoja dhambi zote, na hao wengine wawili wamepona. Nimewaandika pia Yohana wawili, na Mariamu ambao hata mimi nikiwahesabu napotea, na Alexander wa Makedonia pamoja na yule Alexander mfua shaba aliyemtendea Paulo mabaya. Halafu sisi. Hiramu wa kwanza ni mfalme wa Tiro, aliyempelekea Sulemani miti ya mierezi. Wa pili ni mwana wa mjane, fundi wa shaba, aliyesimamisha zile nguzo mbili. Walifanya kazi ya nyumba moja, wakati mmoja, chini ya mtu mmoja. Usiniulize mimi na wewe nani mfalme. Mwenye mikono yenye sugu ni wewe.

Sasa lililonikalisha kitako. Watu huku wanaulizwa na askari walikuwa wapi Krismasi. Mwalimu mwenzangu ameulizwa mara mbili. Mimi nikiulizwa nitasema kweli, kwamba nilikuja kwako Kariandusi siku nne, nikala mbuzi, nikacheza na watoto, nikarudi. Nijibu hivyo na niishie hapo? Nataka neno lako, na nalitaka upesi.

Ni mimi,
Hiram Kahiga wa Mburu


Kariandusi
25 Februari 1953

Kwa wajina,

Salamu zako zimefika, na zangu zikufikie. Wangui yuko. Watoto wote wanne wako, ila huyu wa mwisho anakohoa kwa sababu ya vumbi. Unajua udongo huu mweupe tunaochimba. Jioni nikirudi nyumbani mtoto ananikimbia mpaka ninawe uso. Tumepata nyapara mpya ambaye hapendi kuona watu watatu wamesimama pamoja, kwa hiyo tunasimama wawili wawili.

Daftari lako nimelisomea wenzangu wakati wa chakula. Mmoja ameuliza, wale Herode wawili waliopona, walijua kwamba wamepona? Jibu hilo nakuachia. Wewe ndiwe mwalimu.

Kuhusu Krismasi, yule mbuzi alikuwa mtamu. Nyanya mpe mkono wangu. Wachuka ale ndizi mbivu, Wangui anasema zinatuliza tumbo.

Hiram


Bahati
22 Machi 1953

Kwa wajina,

Hii haipiti posta. Inaletwa na Obura, dereva anayebeba magunia ya udongo wenu mpaka stesheni ya Nakuru. Isome, kisha ichome.

Sisi hatujambo kwa afya. Nyanya analala vizuri. Mimi silali. Umeniweka wiki tano bila jibu, halafu unaniandikia habari za mbuzi. Usinizungushe, Hiram. Mimi ni mtu wa hasira na unanijua.

Jumatatu tuliitwa walimu wote kuchujwa. Tulipangwa mstari uwanjani, na mtu aliyevaa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, akapita mbele yetu akitutazama mmoja mmoja. Kwangu alisimama, kisha akaendelea. Baadaye mwalimu mkuu aliniita kando akanionyesha karatasi aliyoletewa. Imeandikwa hivi: Hiram Kahiga, ameapisha watu kumi na tisa, Kariandusi, tarehe 27 Desemba. Basi. Hakuna jina la baba, hakuna namba ya kipande cha kitambulisho. Aliyetutaja alijua jina tu.

Sasa tuseme wazi mara moja, kwa kuwa kwenye posta hatuwezi. Mchana ule, watu wakiwa likizo, nilikuja kukutafuta kwenye shimo la zamani la kuchimbia. Nilikukuta umesimama mbele ya watu ukiwasomesha maneno ya kiapo cha kuwatoa wazungu, na wao wakiyarudia. Niligeuka nikarudi nyumbani kwako, nikamchukua mtoto nikamkalisha magotini, na sikukuuliza. Hata jioni sikukuuliza. Mimi sikula kiapo hicho. Wewe ndiwe uliyekiongoza. Na adhabu ya aliyekiongoza unaijua, si kifungo cha mwaka mmoja wala miwili. Ni kamba.

Sikwambii kama ulifanya vema au vibaya. Shamba la babu nalijua lilikokwenda, na nani analima hapo leo. Nakwambia jambo moja: jina hilo ni letu wawili, na wataanza na yule aliye karibu na ofisi. Huyo ni mimi. Wachuka ana mimba ya miezi mitano. Tafuta njia. Nenda kwao useme ni wewe, au toka hapo uende mbali kisha nitumie barua kwa mkono wako, useme mwalimu hakuhusika, nami niwe na karatasi ya kuonyesha. Moja katika hayo mawili. Usikae tu.

Wako,
Hiram wa Mburu


Kariandusi
30 Aprili 1953

Kwa wajina,

Salamu. Wangui anasalimu. Mtoto amelazwa siku nne kwa kikohozi, sasa amerudi, lakini amekonda sana, mbavu zinaonekana. Mvua imeanza. Udongo ukilowa ni mzito mara mbili, na kazi haipungui.

Ya Obura niliipata, nikaisoma mara nyingi kabla ya kuichoma, na hii pia nampa yeye. Yote uliyoandika ni kweli, sina la kubisha. Nikienda kwao, nyumba hii ni ya kampuni, Wangui na watoto wanatolewa siku hiyo hiyo. Waende wapi? Kwako? Na wewe unatazamwa. Nikikuandikia karatasi, ikashikwa mikononi mwako, ni ushahidi kwamba ulijua tangu Desemba na ukanyamaza. Umefikiria hilo? Mimi nimelifikiria mpaka kichwa kinauma.

Nipe mwezi mmoja. Mtoto apone kwanza. Mtoto akipona nitakwenda mwenyewe Nakuru na miguu yangu, na nitasema. Naogopa, wajina. Nakuandikia hivi kwa sababu wewe hutanicheka.

Katika daftari lako umesema Hiramu mfalme na Hiramu fundi walijenga nyumba moja. Je, waliwahi kuonana?

Hiram


Bahati
7 Juni 1953

Kwa wajina,

Mwezi umekwisha na siku saba juu yake. Hii pia ni ya Obura.

Wachuka yuko mzito, miguu imevimba. Juma lililopita tulisherehekea kutawazwa kwa malkia. Watoto walipewa bendera ndogo na andazi moja moja, wakaimba. Niliingiza darasani Elizabeth wa zamani na huyu mpya, maana ni somo lililokuja lenyewe. Wenzetu wana akili, wanaweka namba: wa Kwanza, wa Pili. Mtu hawezi kuwachanganya hata akiwa amelewa. Nikawa nasimama ubaoni na chaki mkononi nikifikiri, kwa nini baba zetu hawakufikiria namba.

Sikiliza sasa yaliyotukuta. Ijumaa alikuja nyumbani bwana shauri, mzungu wa ofisi ya wilaya, na askari wanne. Walipekua kila kitu. Walilikuta daftari. Nilikuwa nimeandika majina kurasa ishirini na mbili, kila jina na watu wake chini yake, wawili, watatu, watano, pengine na mji aliotoka mtu. Tazama kwa macho yao, uone lilivyofanana na nini. Mzungu aliketi kwenye stuli ya Wachuka akalifungua gotini.

"Huyu Alexander anaishi wapi?"

"Amekufa, bwana. Zaidi ya miaka elfu mbili."

"Nani alimwua?"

"Homa."

Akaandika. Akaniuliza Yohana ni wangapi katika kundi langu. Nilimwambia ni wawili, mmoja mbatizaji, na hapo Owino mkalimani akanitazama kwa huruma. Ni mtu mzuri yule Owino, lakini si wa kwetu. Mwishowe mzungu mwenyewe alianza kuelewa ni kitabu cha shule, nikamwona anataka kucheka. Alilifunga, akanirudishia. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Nilidhani tumepona.

Halafu akamgeukia nyanya. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe, hana habari. Nitakuandikia neno kwa neno, kwa sababu nayasikia hata sasa.

Akauliza, "Mama, Hiram Kahiga wa Kariandusi ni nani wako?"

"Ni mume wangu."

"Na Hiram Kahiga huyu mwalimu?"

"Ni mume wangu."

"Una waume wawili?"

Nyanya akaweka ungo chini. Wewe unamjua akitukanwa. Alisema, "Mimi niliolewa mara moja tu, na mtu mmoja. Hao unaowasema ni mtu mmoja. Hiram Kahiga ni mmoja."

Owino alifasiri kila neno sawasawa, hakuongeza, hakupunguza. Mzungu aliuliza mara ya pili, na nyanya akajibu vile vile, kwa sauti zaidi. Nikaingilia kati, nikasema hapana bwana, hiyo ni desturi yetu, anayepewa jina la babu ndiye babu, bibi humwita mume, sisi ni wawili, mimi na mwana wa baba yangu mkubwa. Akanyanyua mkono ninyamaze. Akaandika mistari mitatu. Akaniuliza shule ilifungwa lini Desemba, na nilikuwa wapi tarehe 27. Nikasema Kariandusi. Ningesema wapi?

Mzungu haulizi tena ni yupi kati yetu. Anasema kuna mtu mmoja mwenye kazi mbili na vipande viwili. Nyanya amefurahi, anawaambia majirani alivyomkomesha mzungu aliyetaka kumwita malaya. Mimi siwezi kumweleza. Nikimweleza atakufa.

Kwa hiyo hata kama hutasema lolote, onekana tu. Njoo usimame pembeni yangu watu watuone wawili. Hilo tu. Kipande chako mkononi, mwili wako kando ya mwili wangu. Njoo Jumamosi. Nakuomba, Hiram, na mimi sijawahi kukuomba kitu tangu tulipokuwa wadogo.

15 Juni. Naongeza hapa hapa. Obura ameirudisha hii barua. Anasema nyumba yako imefungwa, ndani hakuna hata sufuria, na karani wa kampuni hajui mlikokwenda. Ni siku kumi leo tangu uondoke. Kwa hiyo uliondoka siku moja baada ya bwana shauri kuja kwangu, au siku ile ile, sijui. Ninampa Chepkosgei anayeuza maziwa Gilgil, kwa sababu Wangui alikuwa akinunua kwake na huenda akamwona tena. Sijui nikuambie nini. Maji yamenifika shingoni.

Hiram wa Mburu


Ndabibi
20 Septemba 1953

Kwa wajina,

Nakusalimu kwa aibu. Barua yako ya Juni imenifikia jana, mikunjo yake imekatika. Wangui alikwenda Gilgil kuuza mayai, na Chepkosgei akaitoa chini ya kitenge alikokuwa ameificha miezi mitatu.

Sisi ni wazima. Mtoto amepona kabisa, huku hakuna vumbi. Nachunga kondoo wa mzungu mmoja mzee ambaye haulizi mengi. Nilipofika getini aliniuliza jina, nami nilikuwa sijajiandaa, nikasema Mburu. Jina la baba yako lilinijia mdomoni kabla ya lingine lolote. Hapa wananiita Mburu wa Kimotho, na karatasi nilizopewa zinasema hivyo.

Usidhani nilikukimbia wewe. Nyapara alikuja akasema wanakuja kutazama vitabu vya kazi kesho yake. Nilimtazama mtoto, nikamtazama Wangui, tukafunga mzigo. Nilijiambia nitakuandikia tukifika. Tulipofika nikajiambia nitaandika mambo yakitulia. Sikujua nyanya amesema vile. Ningelijua, sijui ningefanyaje. Nisikudanganye.

Niambie mko vipi. Wachuka amejifungua? Niandikie kupitia Chepkosgei. Ukisema nije, nitakuja.

Hiram


Ndabibi
14 Februari 1954

Kwa wajina wangu,

Nimeambiwa barua ikipitia kwa askari mmoja wa kambi yenu, Wamalwa, inafika bila kufunguliwa. Wachuka ndiye aliyeniambia. Barua yangu ya Septemba aliipokea yeye, akanijibu mistari mitatu nyuma ya karatasi yangu mwenyewe: kwamba ulichukuliwa tarehe 19 Juni, kwamba mtoto alizaliwa Agosti, wa kiume, na kwamba nisiandike tena Bahati. Hakuweka salamu.

Nyanya bado yuko kwa Wachuka. Nimesikia macho yamepungua nguvu. Anauliza kila siku mume wake amekwenda wapi.

Nataka ujue nilichofanya, hata kama nimechelewa. Wiki mbili zilizopita nilivaa shati, nikamwambia Wangui ninakwenda, na alijua ninakokwenda. Alinishika mkono mpaka barabarani, kisha akauachia. Nilikwenda ofisi ya serikali, nikapanga foleni na watu wa kodi ya mbwa. Nilipofika mezani nikasema, "Mimi ni Hiram Kahiga. Mimi ndiye niliyeapisha watu Kariandusi. Mmemshika mtu asiye na kosa."

Karani akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaingia ndani, akatoka na mzungu kijana na faili. Mzungu akalifungua, akasoma, akaniambia, "Hiram Kahiga tunaye. Kesi yake imekwisha." Nikasema huyo ni mwingine. Akaomba karatasi zangu. Nikatoa, sikuwa na zingine. Akasoma: Mburu wa Kimotho, mchunga kondoo, Ndabibi. Akaniuliza nimepewa nini na familia ya mwalimu ili nije kusema uongo. Nikamtajia siku, shimo, majina ya wale kumi na tisa nikaanza kuyataja, wajina, Mungu anisamehe, niliyataja mawili kabla ya kujizuia. Akasema majina hayo yote anayo. Karani akanipiga kofi moja, si kwa nguvu sana, akanisukuma nje. Akanionya nikirudi watanifunga kwa kuwasumbua wenye kazi.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile mpaka jua lilipohama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kamba. Sikuwa nimejiandaa kurudi nyumbani.

Wanasema kamba wamekubadilishia kuwa kifungo cha maisha, kwa kuwa ulikuwa mwalimu na mwalimu mkuu alikusemea. Ashukuriwe huyo mtu. Lakini mimi najua kilichokutia humo. Ulikuwa na neno moja la kusema, ungelisema ungekuwa nje, na hukulisema. Ulinyamaza kwa ajili ya watoto wangu wanne. Mtoto wangu wa mwisho sasa anakimbia. Kila nikimwona akikimbia nakuona wewe. Nitawaambia wote ulichowafanyia. Watakuombea kila siku wanapokaa kula. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyetendewa hivi na ndugu yake.

Ni mimi nisiyestahili,
Hiram


Kambini
3 Mei 1954

Kwa Hiram Kahiga wa Kimotho,

Salamu. Mimi ni mzima isipokuwa meno mawili. Chakula ni uji na maharagwe. Mchana tunavunja mawe, jioni nawafundisha kusoma watu sitini kwa kuandika mchangani, na wako wazee wanaoshika upesi kuliko darasa la sita. Wamalwa anakwenda likizo kwao Kitale, atapita Gilgil. Ameniambia niandike kifupi.

Barua yako nimeisoma. Sikukujibu miezi miwili na zaidi kwa sababu nilitaka kukuacha uamini ulivyoamini. Ilikuwa inanipa raha, kuna watoto wanne mahali wananiombea mezani. Lakini nimeshindwa. Kila nikilala nakasirika upya.

Sikunyamaza, Hiram.

Siku ya kwanza, saa ya kwanza, kabla hawajanigusa, nilikutaja. Nilisema ni mwana wa baba yangu mkubwa, anakaa Kariandusi, nyumba ya nne kutoka kisimani, ana kovu la panga juu ya goti la kushoto, mke wake ni Wangui. Nilitaja mpaka umri wa watoto wako. Wakauliza anaitwa nani. Nikasema Hiram Kahiga. Wakacheka. Mmoja akasema, "Kwa hiyo unakiri." Nikarudia siku ya pili. Siku ya tatu nilikuwa nalia, nimepiga magoti, nawaomba wakutafute, wakuulize, wakulete. Wakatuma gari. Wakakuta nyumba tupu, na wakarudi wamekasirika kwa sababu ya petroli. Hapo ndipo meno yalipotoka.

Mahakamani nililisema tena. Limeandikwa, lipo. Nyanya aliitwa kuwa shahidi, akavaa nguo zake za kanisani, akasema alivyosema. Aliniangalia kwa furaha. Alidhani ananitetea.

Kwa hiyo usinishukuru, na watoto waache wale chakula chao kikiwa moto. Ungekaa nyumbani kwako siku kumi na saba zaidi, gari lingekukuta, wewe ungekuwa hapa na mimi ningekuwa nje nakuandikia jinsi ulivyo mwema. Sisemi kwamba najuta. Nilikuwa na mke mwenye miguu iliyovimba. Ningefanya tena. Na wewe ulipofunga mzigo, ungefanya tena. Tusidanganyane, tumekua pamoja. Ulipokwenda ofisini ulikwenda kweli, hilo nalikubali na nimelitafakari sana. Ulikwenda miezi saba baadaye.

Usirudi tena huko. Hawakuniamini mimi, hawatakuamini wewe, na sasa nina kitu kingine cha kukuomba, na hiki usikicheleweshe.

Mtoto wangu wa kiume ni mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana kabla hajazaliwa. Ni jina la baba yangu. Ni Mburu. Wachuka amemwandikisha. Wewe hapo Ndabibi unatembea na jina hilo kwenye karatasi, umeingia nalo kwenye ofisi ya serikali, umesimama nalo mbele ya mzungu mwenye faili ukataja mashimo na viapo, na karani ameliandika. Nilipolisoma hilo nilikaa chini.

Mwanangu ana miezi tisa. Rudi kwa huyo mzungu wako wa kondoo, mwambie ulikosea, mwambie lolote, tafuta jina ambalo si la mtu yeyote wa nyumba yetu. Langu umekaa nalo, sawa, lilikuwa lako pia. Hilo la Mburu si lako. Livue leo, kabla mtoto hajajifunza kuitika.

Hiram Kahiga wa Mburu